Mchago wa Lusiola

Ukutani, juu ya kitanda chetu, palikuwa na vivuli viwili vya mafuta. Kimoja kipana, cha Baba Watoto, ambaye huegemeza kichwa ukutani akisoma habari za mpira kwenye simu hadi usingizi umwangushe. Cha pili changu, kidogo lakini cheusi zaidi, maana mimi ndiye ninayepaka mafuta ya nywele. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa magadi, rangi ikabanduka na vivuli vikabaki palepale. Nyumba yenyewe ni ya kupanga, huku Mamboleo, Kisumu, na mwenye nyumba wetu ni mtu wa kuhesabu hata matundu ya misumari siku ya kuhama.

Kitanda tulikinunua Kibuye mwaka tuliooana, siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika hadi barabarani. Tano kwa sita, saiprasi, vanishi bado inanata. Fundi alituonyesha na kingine chenye kichwa cha sponji na vifungo vinavyometameta, akasema mkitaka hiki ongezeni kidogo. Hatukuwa na hicho kidogo. Tukabeba kile cha upara, na upara huo tukalala nao miaka minane.

Aliyeanzisha haya yote ni binti yetu. Alirudi na kazi ya nyumbani ya Kiswahili: taja sehemu za kitanda. Tukaanza pamoja mezani. Matendegu, ile miguu minne. Mifumbati, zile mbao mbili ndefu za ubavuni. Mchago, upande wa kuwekea kichwa. Akanyamaza, akaenda chumbani, akarudi.

"Mama, chetu hakina mchago."

Nikamweleza kwamba kila kitanda kina mchago, kwa kuwa mchago ni upande tu, si lazima pawe na ubao. Hakushawishika, na nadhani mwalimu wake naye hakushawishika, kwa sababu daftari lilirudi na alama ya kuuliza. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu ule ubao ambao hatukuwa nao ukaitwa mchago. Wenye kamusi wanisamehe. Kibuye wote wanasema hedibodi na mambo yanakwenda.

Nilimuuliza fundi mmoja wa Kondele. Elfu kumi na nane, kitambaa nijiletee. Nilipomwambia Baba Watoto alicheka kicheko chake cha puani, akasema, "Baba yangu ametengeneza milango ya nusu ya Vihiga, wewe unataka kulipa elfu kumi na nane?"

Kisha akaacha kucheka. Nami nikajua ni kwa nini.

Baba mkwe wangu, ambaye wanangu humwita Guga, ni seremala. Ana banda la mabati nyuma ya nyumba yake, upande wa Majengo, na kwa zaidi ya miaka arobaini ametoa humo madawati, milango, madirisha, makabati ya vyombo na, kwa masikitiko yake, majeneza mengi kuliko vitu vingine vyote. Lakini kwa Wamaragoli, kama kwa Waluhya wengi, mzazi haingii chumba anacholala mwanawe aliyeoa. Haketi kitandani mwake. Hashiki matandiko yake. Na kati ya baba mkwe na mkaza mwana heshima inazidi uzito: kuna mambo ambayo mimi na yeye hatuwezi kuyataja tukiwa tunatazamana usoni, na kitanda ndilo la kwanza kwenye orodha. Jirani yangu, Mjaluo wa Seme, ananiambia kwao ni vivyo hivyo, tena mzazi hata halali usiku kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akija mjini kwa shughuli, jua likielekea ziwani naye anatafuta gari.

Mimi nimekulia Nakuru, Kaptembwo, kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kitanda cha wazazi wangu kilikuwa kochi la wageni. Mchungaji alikikalia. Mwenye nyumba alikikalia akihesabu kodi. Nilipoolewa na kuelezwa haya ya vyumba nilidhani ni maringo ya watu wenye nyumba kubwa. Zipo mila za huku ambazo nimezikataa hadharani na nitaendelea kuzikataa, hasa zile zinazomkalia mjane shingoni. Hii ya chumba, polepole, nimeikubali. Ukishaishi na ndugu wa mume kumi na mmoja wanaokuja mjini bila kupiga simu, utaelewa thamani ya mlango mmoja ambao mtu hausukumi.

Basi ombi likasafiri kama ombi la posa. Baba Watoto akamwambia mama yake, Guku, kwa simu. Guku akasubiri siku mbili, jioni moja wakiwa wanamenya mahindi akasema kwamba kule Kisumu ukuta unaharibika kwa sababu hakuna ubao wa kuukinga. Hakusema uko wapi ukuta huo. Guga akauliza, "Ukuta wa upande gani?" Guku akajibu, "Wa ndani." Yakaishia hapo, mzee akaelewa.

Jibu lilirudi kwa njia ileile, na lilikuwa na masharti mawili.

La kwanza lilihusu sponji. Guku alinisomea maneno ya mzee kama hukumu ya mahakama: sponji iliyogongwa pini kwenye mbao ni bweni la kunguni. Mimi nilikuwa nimeshahifadhi picha ishirini za vichwa vya kitanda vyenye vifungo na mikunjo kama keki ya harusi, na ndiyo hiyo niliyoitaka. Ila nilipofikiria vizuri nilishindwa kumpinga. Kunguni hupenda mshono, ufa, kona yenye giza karibu na mtu aliyelala. Kile kichwa chenye vifungo ni mishono mitupu, na kwa vile kitambaa kimepigwa pini huwezi kukivua ukifue wala kukianika. Guga alishawahi kuletewa vitanda vya namna hiyo avitengeneze, akavivulia nje na asitake hata kuvipitisha mlangoni mwa banda. Alichokubali ni ubao mtupu wenye fito ya juu, na mwenye kutaka ulaini atundike mito yake mwenyewe, ya kuvuliwa.

La pili: hataki kutajiwa namba. Anataka kamba.

Kuhusu kamba nimewaza sana. Baba Watoto alidai ni ukaidi wa mafundi wa zamani wasioamini tepu ya mtu mwingine, na kweli mzee ana msemo wake: namba hudanganya, kamba haidanganyi. Mimi naona kulikuwa na zaidi. Ukimpigia baba yako simu kumtajia upana wa kitanda chako, umetaja kitanda. Kamba ni kamba. Inafika imefungwa kwenye mfuko wa karatasi, hakuna aliyesema neno.

Binti yetu ndiye aliyepima, maana mjukuu hana mpaka. Kwa Guga na Guku anaingia popote. Nilimwelekeza: kutoka ukingo wa nje wa tendegu hili hadi ukingo wa nje wa lile, siyo godoro. Akafunga fundo kila upande, akaacha mikia ya kushikia. Nikapima kwa tepu kuhakikisha: inchi 64. Godoro ni 60, mbao za kitanda zinaongeza zilizobaki. Kamba tukampa shemeji mdogo, mwanafunzi, aliyekuwa anapanda nyumbani wikendi.

Wakati huohuo nikampigia mama yangu Nakuru. Yeye hana shida na kutaja kitanda, hata mbele ya wapangaji wenzake. Ana cherehani ya miguu ambayo imetusomesha sote kwa sare za shule, na mguu wake wa kulia hadi leo hutikisika akiwa amekaa kanisani. Nikamwambia inchi 64, mito mitatu bapa, mahameli, ile sisi tunaita veleti. Akaniuliza rangi. Nikasema kijivu. Akasema kijivu ni rangi ya hospitali, akanunua kijani ya majani ya chai. Alishona foronya tatu zenye zipu, na juu ya kila moja vitanzi vinne vya kupitisha kwenye fito. Sponji alichagua ngumu, ya inchi mbili, akaikata mwenyewe kwa kisu cha mkate. Vifungo nilivyovitaka akavishona juujuu tu, vya urembo, visivyochoma hadi ndani, kwa hiyo foronya inavuliwa na kufuliwa. Mzigo ukaletwa na matatu za Nakuru, umefungwa kwa gunia lililoshonwa kwa shazia kana kwamba unakwenda Ulaya.

Likizo ya Agosti tulipanda Majengo, nikapata kuuona ubao ukizaliwa, kwa mbali, nikipitapita na sufuria kama mtu mwenye shughuli.

Nilitegemea saiprasi. Guga alishusha kutoka kwenye kenchi za banda mbao tano za lusiola. Wajaluo huuita siala. Ukitembea Vihiga utauona kwenye mipaka ya mashamba na kando ya nyumba, mrefu, mwembamba, wenye maua ya njano kama tarumbeta. Watu huupenda kwa nguzo kwa sababu mchwa hauvamii haraka, na ukiukata shina huchipua tena. Mti huo ulikatwa walipokuwa wanagawana shamba na ndugu yake. Ulikuwa umesimama palepale ulipopita mpaka wa shamba. Mbao zikakaa juu, kwenye moshi na joto la mabati, miaka sita. Alikuwa amezitunzia nini sijui. Guku anasema kila mtu aliyeziomba aliambiwa hazijakauka.

Mzee hana mashine. Ana randa mbili, misumeno mitatu, patasi alizozisaga hadi zimebaki fupi kama vidole, na keekee ya kuzungushwa kwa mkono ambayo mpini wake umeng'aa kwa viganja. Ubao wa katikati aliuunganisha kwa mbao tatu, ubavu kwa ubavu, kwa gundi, akazibana kwa kamba na kabari usiku kucha. Miguu miwili ya pembeni aliichonga matundu, na kila ncha ya mbao akaichonga ulimi. Ulimi unaingia tundu kwa kugongwa na nyundo ya mti, mara nne au tano, na pigo la mwisho linatoa sauti tofauti, nzito, kama mlango uliofungwa vizuri. Msumari hakutumia hata mmoja. Nilimsikia akimwambia binti yangu kwamba msumari hushika mbao kwa nguvu, ulimi huishika kwa adabu. Kisha msasa, mkali halafu laini, halafu mafuta ya kitani kwa kitambaa. Yale mafuta yalipoingia, lusiola ikageuka kutoka rangi ya vumbi ikawa ya asali ya msituni, yenye mistari ya hudhurungi inayopanda na kushuka. Nilisahau kabisa picha zangu ishirini.

Miguu aliiacha mirefu ifike sakafuni, ili ubao ujisimamie na usidai hata tundu moja kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Fito ya juu akaiweka nje kidogo, upana wa kidole, chandarua kipate pa kupita. Kisumu bila chandarua hulali, na huyu mzee ambaye hakuwahi kukanyaga chumba chetu alikuwa amekikumbuka.

Jumamosi moja wakaja wote wawili, yeye na ubao, kwa Probox ya kukodi, ubao umelala juu ya kerio umefunikwa blanketi. Guga alikuwa na miadi ya macho mjini siku hiyo, ndiyo sababu rasmi. Alikaa kwenye kibaraza, nikamletea chai na viazi vitamu, tukasalimiana kwa heshima zetu za hatua tatu. Baba Watoto na shemeji wakapitisha ubao ndani. Mlango wa chumbani ukafungwa.

Kisha kimya.

"Kimya cha nini?" Guga akauliza hewani, bila kumtazama mtu.

Binti yangu akatoka mbio. "Guga, mchago umepungua!"

Ulikuwa umepungua inchi nne kamili. Ukiwekwa katikati, kila upande ulibakisha pengo la inchi mbili kabla ya tendegu. Boliti zilikuwa zinaelekea hewani. Nilitamani sakafu inimeze, kwa sababu mimi ndiye niliyesimamia upimaji, na nilikuwa na uhakika na 64 kama ninavyojua jina langu.

Mzee hakubisha. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kamba. Alikuwa nayo bado. Akaivuta kati ya vidole, akaangalia fundo la kwanza, akaangalia la pili, akalinusa.

"Hili fundo linanuka kuku."

Shemeji alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Ikatoka polepole. Alipofika Kiboswa aliona kuku mzuri, akamnunua ili asiende kwa mama yake mikono mitupu. Hakuwa na cha kumfungia miguu. Mfukoni kulikuwa na kamba yenye mkia mrefu usio na kazi, akafunga kwa huo mkia, ila mkia haukutosha kuzunguka miguu miwili, akaingia ndani kidogo. Alipofika, Guku akamfungua kuku kwa kisu. Kipande chenye fundo la binti yangu kilibaki mguuni mwa kuku, na fundo la kuku likabaki kwenye kamba.

"Nilipopima nikapata futi tano kamili," Guga akasema. "Nikashangaa, kitanda kizima kiwe sawa na godoro lake? Nikasema labda ndivyo wanavyotengeneza Kibuye siku hizi, hata mbao za pembeni wanaiba."

Kuku mwenyewe alikuwa ameshaliwa zamani. Nilikula paja.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka kuliko ubao wenyewe. Guga alikuja na vibao vya lusiola vilivyobaki, kwa sababu seremala mzoefu hatembei bila mabaki. Akavua koti, akageuza kiti cha plastiki kuwa meza ya kazi, akaranda vipande viwili vya inchi mbili pale kibarazani, maranda yakiangukia viatu vyake vya miadi. Binti yangu akavipeleka ndani kimoja kimoja. Na kutoka hapo mzee akaongoza kazi yote kwa masikio.

Keekee ikaanza kulia chumbani. Akainamisha kichwa. "Mwambie babako anabonyeza sana. Aiache ijile yenyewe." Mtoto akakimbia. Sauti ikalegea. "Hapo sawa." Baada ya muda ikakwaruza. "Amefika kwenye jicho la mbao. Arudishe nyuma, atoe unga." Mtoto akakimbia. "Sasa amepitisha. Gundi. Kidogo, siyo kama anapaka mkate." Wakati mmoja aligonga mkono wa kiti kabla hata nyundo ya ndani haijagonga mara ya pili: "Imepinda!" Tukasikia Baba Watoto akisema neno ambalo hapaswi kulisema baba yake akiwa karibu, na kisha sauti ya kitu kikigongolewa upande wa pili.

Mume wangu ana miaka thelathini na tisa, ni mhasibu. Alitoka chumbani na vumbi la mbao kwenye nyusi, akakaa ngazi moja chini ya baba yake, akamiminiwa chai. Hakuna aliyesema kitu cha maana. Mzee alimwondolea kipande cha maranda kilichokuwa kimeshika nyuma ya sikio, akakitazama juani unene wake, akakitupa.

Vile vipande vya pembeni vina rangi iliyofifia kidogo, kwa sababu havikupata siku zao za mafuta. Mito ya mama yangu, iliyoshonwa kwa namba za simu na siyo kwa kamba, ilitosha kamili kutoka ukingo hadi ukingo, ikavifunika. Januari na Februari joto la Kisumu likizidi naivua mito, naianika uani, na hapo unauona ubao wote na viraka vyake viwili. Wageni wangu wa kike, ninaowaruhusu, hupenda kuuona hivyo. Mama yangu alipouona kwa simu ya video alisema mito ilikuwa imekaa vizuri, akanyamaza, kisha akauliza mbao zile ni za mti gani.

Vivuli vya mafuta bado viko ukutani, nyuma ya lusiola. Mwenye nyumba hatajua hadi siku tutakapohama.

Guga hajauona ukiwa umesimama. Binti yangu aliuchora kwenye karatasi ya daftari na vipimo vyote, kwa sentimita, kama walivyomfundisha. Guku anasema mchoro umebandikwa kwenye banda, na kando yake mzee amegeuza kila namba kuwa inchi kwa penseli ya seremala.

Siku ile akiwa anapanda Probox kurudi, alimshika mwanawe kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mbao, hata iliyokauka, huendelea kutulia, na boliti hulegea. Zikazwe baada ya miezi mitatu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa gari, nikijifanya ninapanga ndizi kwenye mfuko wa Guku.

Tangu hapo hupiga simu, kila miezi mitatu. Huuliza mvua, huuliza shule, humuuliza Baba Watoto kazi. Halafu, kabla ya kukata, "Na ile shughuli?" Mume wangu hujibu, "Naam, Baba." Huweka simu chini, huchukua spana juu ya kabati la vyombo, huingia chumbani na kufunga mlango. Nikiwa jikoni naisikia ikizunguka, mara moja upande wa kushoto, mara moja na nusu upande wa kulia.